Je, Barabara Pana Huondoa Msongamano wa Magari?

Askari polisi wa usalama barabarani asimamaye kwenye makutano ya Kampala wakati wa jioni hufanya kazi mbili: kuyaongoza magari na kuvuta moshi wake. Kazi ya pili haimo katika amri alizopewa, lakini mkewe huitambua afuapo ile sare nyeupe.

Wananchi wengi huamini kwamba dawa ni moja tu, yaani kuongeza barabara kuu mjini. Wazo hilo si la kipumbavu. Bomba jembamba likishindwa na maji, fundi huweka pana. Lakini maji hayachagui saa ya kupita. Mwenye motokaa huchagua.

Mfano ulio wazi kabisa uko Houston, nchini Marekani. Huko barabara iitwayo Katy Freeway ilipanuliwa kwa gharama ya dola bilioni 2.8 hivi, na kazi ikamalizika mwaka 2008. Mahali ilipo pana zaidi ina njia 26, zikihesabiwa na zile za pembeni. Hata hivyo, kati ya mwaka 2011 na 2014, muda wa safari katika barabara hiyo uliongezeka kwa asilimia 30 hivi asubuhi, na asilimia 55 jioni.

Magari hayo yalitoka wapi? Barabara ikipanuliwa, aliyekuwa akiondoka alfajiri ili kukwepa foleni hulala zaidi, kisha huondoka pamoja na wenzake. Aliyepanda basi hununua motokaa. Aliyeishi karibu na kazi hujenga mbali, penye viwanja rahisi, kwa kuwa sasa mbali pamekuwa karibu. Mwaka 2011 wataalamu wa uchumi Gilles Duranton na Matthew Turner walionyesha kwamba katika miji ya Marekani, barabara kuu zikiongezwa kwa asilimia 10, mwendo wa magari nao huongezeka kwa karibu asilimia 10.

Kuhusu moshi, watetezi wa barabara pana wana neno la kweli: gari liendalo kwa mwendo wa utulivu huchoma mafuta machache kwa kila kilomita kuliko lisimamalo na kuanza tena. Lakini faida hiyo huliwa pale magari yanapozidi. Na vumbi la matairi na breki bado lipo. Huwafikia watoto wachezao kando ya barabara.

Kampala nayo ina lake. Barabara ya mchepuko ya kaskazini, yenye kilomita 21 kutoka Bweyogerere hadi Busega, ilifunguliwa mwaka 2009 ili malori ya safari ndefu yasipite katikati ya mji. Hilo lilikuwa jambo jema, wala haifai kulibeza. Lakini sehemu yake kubwa ilikuwa na njia moja ya kwenda na moja ya kurudi. Nyumba na maduka vikaota kando yake, foleni zikajaa kwenye mizunguko, na mwaka 2014 kazi ya kuipanua ikaanza. Ni haki kusema kwamba mji wenyewe pia ulikuwa ukikua. Si kosa la barabara peke yake.

Hesabu iliyo muhimu zaidi ni ya watu, si ya magari. Taksi ya abiria 14 huchukua nafasi kubwa kidogo tu kuliko motokaa ya mtu mmoja, na basi kubwa hushinda zote mbili. Ndiyo sababu Dar es Salaam ilichagua kuyapa mabasi njia yao wenyewe, na mwaka 2016 mabasi hayo yakaanza kazi kati ya Kimara na Kivukoni. Abiria wamelalamika mara nyingi kwamba mabasi ni machache na vituo vimejaa. Malalamiko hayo ni ya haki; lakini upungufu huo hutibiwa kwa kununua mabasi zaidi, bila kubomoa nyumba ya mtu.