Kopo Tupu na Mbu wa Mchana

Mvua za masika zinapoanza kunyesha Dar es Salaam, kila kopo lililotupwa uani hugeuka kisima kidogo. Kifuu cha nazi, chupa ya plastiki iliyokatwa, tairi lililochakaa: vyote hukinga maji, na maji hayo humtosha mbu aitwaye Aedes aegypti kulea kizazi kizima. Mbu huyu, mwenye mabaka meupe miguuni, ndiye aenezaye homa ya dengi, ambayo ilizuka jijini humo mwaka 2010, 2014 na tena 2019. Dawa maalumu ya kuviangamiza virusi vyake haipo. Mgonjwa hutunzwa tu mpaka mwili wake uvishinde.

Mbu wa malaria huuma usiku, na chandarua humzuia kwa kiasi kikubwa. Aedes huuma mchana, hasa asubuhi na kabla ya jua kutua, watu wakiwa kazini au shuleni. Hata hivyo anao udhaifu mmoja mkubwa: hasafiri mbali. Aghalabu huishi na kufa katika mita mia chache tu kutoka pale alipozaliwa. Kwa hiyo mbu amuumaye mwanafunzi darasani huenda amezaliwa nyuma ya darasa lilo hilo, na faida ya kuokota kopo humrudia kwanza yule aliyeliokota, kisha jirani yake. Lakini kwa sababu iyo hiyo, nyumba moja safi kati ya kumi chafu haipati nafuu kubwa.

Wengi hudhani kuwa kumwaga maji kunatosha. Sivyo. Jike hutaga mayai yake ukutani mwa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, nayo hushikamana hapo. Maji yakikauka, mayai hayafi. Huweza kungoja kwa miezi kadhaa, na mvua inayofuata ikiyafikia, huanguliwa. Kopo lililomwagwa maji na kuachwa palepale ni ghala la mayai. Halina budi kuokotwa na kuondolewa kabisa, au, kama ni chombo cha kutumika, kusuguliwa ndani kwa nguvu. Tairi lisiloweza kuondolewa litobolewe au lijazwe udongo na kupandwa maua. Kulichoma si dawa, maana moshi wake ni sumu kwa mapafu ya walewale wanaokusudiwa kulindwa.

Kuna pia suala la muda. Tarehe 9 Desemba 2015 Watanzania waliadhimisha Uhuru kwa kufanya usafi badala ya gwaride, na baadaye Jumamosi ya mwisho ya mwezi ikatengwa kwa kazi hiyo. Shabaha ni njema, lakini mbu hafuati kalenda hiyo. Katika joto la pwani, siku saba hadi kumi zatosha yai kuwa mbu kamili. Kati ya usafi mmoja na mwingine waweza kuruka zaidi ya kizazi kimoja. Robo saa ya kuokota kila wiki ina nguvu zaidi kuliko asubuhi nzima ya mwisho wa mwezi.

Hata hivyo takataka si chanzo pekee. Mwaka 1952 na 1953, katika uwanda wa Makonde huko Newala, ulizuka ugonjwa ulioumiza viungo kiasi cha kuwapinda watu mgongo. Wamakonde wakauita chikungunya, na dunia nzima ikalichukua jina hilo. Huko maji yalikuwa ya shida na yalihifadhiwa majumbani, na Aedes alizaliana katika vyombo hivyo. Mtungi usiofunikwa hauna tofauti na kopo la jalalani.

Shule yaweza kulipima jambo hili bila maabara. Wanafunzi huzungukia nyumba zilizo karibu, kwa idhini ya wenyewe, na kuandika ni nyumba ngapi kati ya zote zilizokaguliwa zina chombo chenye viluwiluwi. Asilimia hiyo ndiyo kipimo wakitumiacho hata wataalamu wa wadudu. Kisha takataka huokotwa kila wiki kwa muda wa miezi miwili ya mvua, hesabu hurudiwa, na namba mbili huandikwa ubaoni kando kwa kando.