Miji ya Kigoma na Ujiji Ijengwe Wapi?

Mwaka 1914 reli ya kati iliyojengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika Ziwa Tanganyika. Haikuishia Ujiji, mji mkongwe wa misafara, bali Kigoma, ambako ghuba ina kina na imekingwa dhidi ya upepo. Forodha na maghala vikafuata reli. Watu wengi wa Ujiji hawakuhama, na hadi leo nyumba zao zimebanana huko wakati bandari na stesheni ziko kilomita kadhaa kaskazini-magharibi.

Sasa jambo lile linarudi. Desemba 2022 serikali ilisaini mkataba wa kujenga reli ya kisasa ya SGR kutoka Tabora hadi Kigoma. Kituo kinapopangwa mahali, bei ya viwanja hupanda na watu huanza kujenga kabla barabara za mtaa hazijachorwa. Sensa ya mwaka huohuo ilihesabu wakazi zaidi ya 230,000 katika Manispaa ya Kigoma Ujiji. Pakiachwa hivihivi, mji utatambaa hadi Mwandiga na zaidi.

Hapo ndipo maafisa mipango miji wanapozungumzia ujazo, yaani wingi wa nyumba katika eneo: viwanja vya ujazo mkubwa, wa kati na mdogo. Hesabu yake ni nyepesi. Bomba la mita 100 likipita mbele ya viwanja vyenye upana wa mita 15, linahudumia nyumba sita kila upande. Upana ukiwa mita 30, ni tatu tu, na gharama ya kulichimbia ni ileile. Kigoma hesabu hiyo inauma zaidi, maana maji hutoka ziwani na lazima yasukumwe kwa umeme kupanda vilima. Kujaza kwanza Mwanga na Gungu, ndani ya manispaa, kuna faida kuliko kufukuzia viwanja vya mbali. Lakini ujazo usio na njia ya gari la kunyonya vyoo wala mifereji ni msongamano, na wakazi ndio watakaougua kipindupindu.

Ufukweni nako kuna hesabu nyingine. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Zipimwe kutoka maji yapi? Ujiji, pale Livingstone alipokutana na Stanley mwaka 1871, leo ni mwendo wa miguu hadi majini, kwa kuwa mwishoni mwa miaka ya 1870 ziwa lilifungua njia ya mto Lukuga, upande wa Kongo, na kina kikashuka kwa takriban mita 10. Miaka ya 2020 na 2021 maji yakapanda tena, na karibu na Bujumbura yakazihamisha familia za Gatumba.

Kwa hiyo mstari wa mpango uchorwe kwa kufuata maji ya juu kabisa yanayojulikana. Chini yake zibaki kazi zinazoweza kusogezwa: mitumbwi ya Kibirizi, mialo, na chanja ambako kina mama hutandaza dagaa asubuhi. Nyumba, shule na mitambo ya maji taka vijengwe juu yake, na njia za watembea kwa miguu ziachwe wazi kuteremka hadi mwaloni.