Mwarobaini wa Mama Mkwe

Mume wangu alipopatwa na homa, hapa kwetu Songea, wala sikuwaza hospitali. Mama mkwe alichuma mwarobaini, akachemsha sufuria nzima. "Kunywa baba, hii inatibu magonjwa arobaini." Jamaa akanywa siku mbili, uso umemkunjamana kwa uchungu. Siku ya tatu akawa anatetemeka, hata uji haupiti.

Nikamkimbiza zahanati. Wakamtoboa kidole, tone moja tu la damu, na baada ya muda mfupi jibu likatoka: malaria. Akapewa dawa mseto, dozi 6 kwa siku 3.

Mpenzi msomaji, sisemi utupe mitishamba. Mseto wenyewe chimbuko lake ni jani: mwaka 2015 Tu Youyou wa China alipata Tuzo ya Nobel kwa kugundua artemisinini kutoka kwenye mmea. Ila kiwandani kiasi kinapimwa, sufuriani unakisia.

Chakula nacho kina kazi yake. Mseto hufanya kazi vizuri ukimezwa na chakula chenye mafuta, basi mama mkwe akahamia kwenye mboga ya majani iliyoungwa kwa karanga. Mafua na kikohozi? Tangawizi, limau na asali vinatuliza koo, ila mtoto chini ya mwaka 1 usimpe asali.

Homa je? Pima kwanza, usingoje siku ya tatu. Siku hizi nikisema mwanawe ana homa, mama mkwe ananiwahi: "Mmeshapima?"