FOLENI YA KARIAKOO HUANZIA MEZANI

KATIKA vikao vya mabaraza ya madiwani, mambo manne hayakosi kurudi kila mwaka: msongamano wa magari, maegesho, usalama wa watu barabarani, na matumizi ya viwanja. Kila jambo huja na taarifa yake na siku yake. La magari hupelekwa kwa wahandisi na polisi. La maegesho huzungumzwa pamoja na mapato. La ajali huombolezwa. Na la viwanja huachiwa wataalamu wa mipango miji. Kisha kikao hufungwa, na mwananchi hurudi barabarani akaikuta hali ile ile aliyoiacha asubuhi.

Sisi tunaona kwamba hapa ndipo penye kosa. Mambo hayo ni jambo moja lenye nyuso nne, na mwenye kulitibu kwa uso mmoja huwa amehamisha ugonjwa tu kutoka mtaa huu hadi ule. Anayetaka ushahidi aende Kariakoo, jijini Dar es Salaam, saa nne ya asubuhi, asimame katika njia panda yoyote kwa muda wa nusu saa.

MITAA ILIYOPIMWA KWA MIGUU

Kariakoo haikupimwa kwa ajili ya magari. Jina lenyewe latukumbusha kikosi cha wapagazi ambao Waingereza waliwaweka hapo katika Vita Kuu ya Kwanza. Utawala wa kikoloni uliugawa mji kwa rangi za watu: Uzunguni pwani, Uhindini katikati, na Uswahilini nyuma yake; uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi uwe mpaka. Kwa hiyo upangaji wa maeneo si elimu ngeni kwetu. Tuliujua kwanza kama chombo cha dhuluma, kilichoamua nani akae wapi na nani asionekane wapi.

Hata hivyo mitaa ya Kariakoo ilinyooshwa vizuri. Viwanja vilikuwa vidogo, na juu yake zilijengwa nyumba za Kiswahili zenye ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma. Nyumba moja ilikaa watu kadhaa, na wote walitembea kwa miguu. Barabara iliwatosha. Soko kuu lililobuniwa na msanifu wetu Beda Amuli, na kufunguliwa mwaka 1975, lilijengwa katika mji ambao sensa ya mwaka 1967 ilikuwa imeukuta na watu wasiofika 300,000.

Sensa ya mwaka 2022 iliukuta mkoa wa Dar es Salaam una watu 5,383,728. Nyumba za vyumba sita zimeondoka, na mahali pake yamesimama maghorofa. Wanunuzi huja kutoka mikoa yote, na wengine kutoka Kongo, Zambia, Malawi na Komoro. Hii ni neema, wala hatumlaumu mtu kwa kujenga au kwa kufanya biashara. Lakini kipimo cha mtaa kimebaki kile kile. Hakuna aliyeupanua Mtaa wa Kongo wala Mtaa wa Swahili ili upokee kile kilichopandishwa juu yake.

HESABU YA KIWANJA KIMOJA

Tufanye hesabu ndogo, ya kukadiria tu. Chukua kiwanja kimoja chenye jengo la ghorofa kumi, na kila ghorofa ina maduka au stoo sita. Hayo ni maduka 60. Tuseme kila duka hupokea gari moja tu la mzigo kwa siku, na mwenye duka naye ana gari lake moja. Kiwanja kilichokuwa hakileti hata gari moja sasa chaleta magari 120 kwa siku. Sasa zidisha kwa viwanja vya mtaa mzima.

Magari hayo yatasimama wapi? Ikiwa jengo halikuachiwa nafasi ya kuegesha wala ya kushushia mzigo, jibu ni moja: yatasimama barabarani. Yakisimama barabarani, yale yanayopita hubanwa, nayo hupanda njia ya waendao kwa miguu. Meza ya mmachinga husukumwa mbele. Mkokoteni na guta hukosa pa kupita. Na mwenda kwa miguu, ambaye hana gari, hana meza wala honi, huteremka katikati ya barabara, mtoto mkono huu na furushi mkono ule, bodaboda ikimjia kwa nyuma.

Mwenda kwa miguu huyo ndiye anayelipa gharama ya kibali kilichotiwa sahihi mezani miaka kumi kabla ya siku hiyo. Hakuwapo kikaoni, wala hakuulizwa. Ndiyo maana tukasema kwamba foleni huanzia mezani.

USALAMA SI SURA YA MWISHO

Wapo wasemao kwamba usalama ni jambo la tabia: dereva awe na adabu, na mwenda kwa miguu awe na hadhari. Adabu yafaa, na Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ipo kwa ajili hiyo. Lakini adabu haiwezi kutenda kazi mahali ambapo hapana njia. Huwezi kumwambia mtu apite pembeni ikiwa pembeni pameegeshwa lori.

Aidha, mwendo wa gari si jambo la rai. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo mipaka ya sheria yetu katika maeneo ya makazi, lina nguvu ya kugonga karibu mara tatu ya lile liendalo kilomita 30. Hiyo ni kanuni ya maumbile, na wala haibadiliki kwa azimio la kikao. Mwaka 2020, katika mkutano wa dunia uliofanyika Stockholm, mataifa yalihimizwa kwamba pale watu na magari wanapochanganyika, mwendo usizidi kilomita 30.

Na dawa yake si ya gharama kubwa. Shirika la Amend liliweka njia za miguu, vivuko na matuta karibu na shule za msingi katika miji ya Afrika, Dar es Salaam ikiwamo, na mwaka 2019 kazi hiyo ilitunukiwa tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross. Hakuna flaiova iliyojengwa. Palijengwa kinjia, pakapakwa rangi, pakawekwa tuta, na mtoto akafika shule.

Usalama una uso mwingine pia. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko kuu la Kariakoo liliungua. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka huko huko Kariakoo, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Gari la zimamoto halina mbawa, wala gari la wagonjwa halipiti juu ya paa. Mtaa ulioziba kwa magari yaliyoegeshwa ni mtaa uliowafungia mlango waokoaji kabla moto haujawaka. Tusingoje msiba wa tatu utufundishe somo hili.

KILA MMOJA NA KIPANDE CHAKE

Madiwani watasema, na wana haki kusema, kwamba mikono yao imefungwa. Barabara kuu ni za TANROADS. Barabara nyingi za mitaa zi chini ya TARURA, wakala ulioanza mwaka 2017. Leseni za mabasi na bajaji ni kazi ya LATRA. Makosa ya madereva ni ya polisi. Halmashauri, ambayo ndiyo hulaumiwa na wananchi, yaonekana haina kitu.

Sisi hatukubaliani na udhuru huu. Halmashauri inacho chombo kimoja ambacho hao wengine hawana: yenyewe ndiyo mamlaka ya upangaji chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, na ndiyo itoayo kibali cha ujenzi. Polisi huliona gari likiwa limekwisha kufika. Mhandisi wa barabara huliona likiwa njiani. Halmashauri peke yake ndiyo ilionayo kabla halijanunuliwa, lingali mstari katika ramani ya jengo. Mwenye kuikalia chemchemi asiseme hana uwezo juu ya mto.

Yapo pia mambo mawili ambayo ni lazima yasemwe kwa insafu. La kwanza ni mapato. Maegesho ya barabarani huleta fedha, na fedha hiyo yahitajika, yeyote awaye mkusanyaji. Lakini chombo cha umma kikizoea kula kutokana na gari lililosimama, kitachelewa kuliondoa. La pili ni wamachinga. Oktoba 2021 waliondolewa kando ya barabara na kuelekezwa katika maeneo yaliyopangwa. Kuondoa meza ni kazi ya siku moja. Kumpa mtu mahali penye wateja ni kazi ya mpango. Mmachinga hufuata miguu ya watu, na miguu ya watu hufuata kituo cha basi na soko. Ramani isiyojua hilo itakuwa ikimfukuza kila mwaka, naye atakuwa akirudi kila mwaka. Wala haiwi haki kumwambia kijana mwenye meza moja kwamba ameziba njia, huku jengo lililo nyuma yake limeziba mtaa mzima kwa kibali halali.

TUNALOPENDEKEZA

Rai yetu kwa waheshimiwa madiwani wa jiji hilo, na kwa wenzao wa miji mingine inayokua kwa kasi ile ile, ni hii.

Kwanza, kila ombi la ghorofa lijadiliwe pamoja na hesabu ya magari litakayoleta: yataegesha wapi, mzigo utashushwa wapi, na gari la zimamoto litapita wapi. Ombi lisilo na majibu hayo lirudishwe kwa mwenyewe.

Pili, katika kugawa upana wa mtaa, mwenda kwa miguu apimiwe kwanza, kisha mkokoteni na basi, kisha gari linalopita. Linalosimama lipewe kinachobaki. Leo utaratibu ni kinyume chake. Tangu Mei 2016 mabasi yaendayo haraka yamekuwa yakifika Gerezani kwa kupitia Mtaa wa Msimbazi, lakini abiria akishateremka, hatua zake mia mbili za mwisho ndizo za hatari kuliko safari nzima.

Tatu, malori ya mizigo yapangiwe saa za usiku. Mwaka 2025 biashara ya saa 24 ilizinduliwa Kariakoo, na taa za barabarani zikawekwa. Ikiwa usiku wafaa kwa kuuza, basi wafaa zaidi kwa kushusha.

Nne, fedha ya maegesho ya mtaa irudi kwenye mtaa uliolipa, ionekane kwa macho katika vinjia, vivuko na matuta. Wananchi hawakatai kulipa. Hukataa kulipia wasichokiona.

Tano, hao wote wenye vipande, yaani TANROADS, TARURA, LATRA, polisi na zimamoto, waketi meza moja na madiwani na wawakilishi wa wafanyabiashara, mbele ya ramani moja, kabla kibali hakijatiwa sahihi.

Watakuwapo watakaonung'unika. Mwenye kiwanja atasema anapunguziwa ghorofa, na mwenye gari atasema anafukuzwa mjini. Wasikilizwe kwa adabu, kisha uamuzi ukatwe. Mchelea mwana kulia, hulia yeye. Halmashauri iliyoogopa kilio cha mwenye jengo imekwisha kusikia vilio vilivyo vikubwa zaidi.

Hapo kale waliotutawala waliupanga mji ili watu watengane. Sisi tuliojitawala hatuna budi kuupanga ili watu wafike salama. Kibali kimoja kinachokataliwa leo kwa sababu ya haki chaweza kuwa mtaa mmoja unaopitika kesho. Kalamu imo mikononi mwa madiwani, na mama mwenye furushi yuko barabarani akingoja kuvuka.