Faiawoli Isipoonyesha Takwimu za Mtandao: Kagua Kabla ya Kuizima

Wenye saiba, maduka na ofisi ndogo katika kaunti wanashauriwa kutozima wala kuondoa programu ya faiawoli pindi inapoacha kuonyesha takwimu za mtandao. Mara nyingi ulinzi huwa bado unaendelea na kilichokwama ni maonyesho tu. Anayeizima kwa haraka huenda akaacha wazi kompyuta yenye nywila za eCitizen, nakala za vitambulisho na hati za KRA za wateja.

Faiawoli hukagua mawasiliano yanayoingia na kutoka kwenye kompyuta, ikaruhusu yaliyoidhinishwa na kuzuia mengine. Nyingi huwa na sehemu mbili. Moja hufanya ulinzi ndani ya mfumo wa kompyuta bila kuonekana. Nyingine ni dirisha linaloonyesha grafu, miunganisho na kiasi cha data. Dirisha linaweza kukwama huku ulinzi ukiendelea. Hata hivyo, sufuri haimaanishi kila mara kwamba mambo ni shwari, kwani huenda sehemu ya ulinzi ndiyo iliyokosa kuanza.

Kwa kompyuta za Windows, fuata hatua hizi kwa utaratibu:

1. Hakikisha mtandao unatumika. Fungua tovuti yoyote, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha uchague "Performance". Ikiwa data inapita hapo lakini faiawoli inaonyesha sufuri, tatizo liko kwenye faiawoli.

2. Hakikisha ulinzi umewashwa. Fungua Windows Security, sehemu ya faiawoli, uone ni programu gani inayolinda kompyuta. Ikiwa hakuna, washa ile ya Windows mara moja kabla ya kuendelea.

3. Chagua "Restart", si "Shut down". Katika kompyuta nyingi za Windows 10 na 11, kuzima kwa kawaida huhifadhi sehemu ya mfumo ili kompyuta iwake haraka, na hitilafu inaweza kurudi pamoja nayo.

4. Kagua njia ya mtandao. Ikiwa umehama kutoka waya hadi Wi-Fi au modemu, au umewasha VPN, huenda programu ingali inafuatilia njia ya zamani. Ibadilishe kwenye mipangilio.

5. Bakisha faiawoli moja. Mbili zikifanya kazi kwa wakati mmoja zinaweza kuzuiana.

6. Sasisha programu. Ikiwa hitilafu ilianza baada ya Windows kusasishwa, pakua toleo jipya kutoka kwa tovuti ya mtengenezaji pekee.

7. Yote yakishindikana, isakinishe upya. Pakua toleo hilo kwanza na uhifadhi nakala ya kanuni ulizoweka. Kata intaneti, ondoa programu ya zamani, uwashe kompyuta upya na usakinishe mpya. Rudisha intaneti baada ya kuthibitisha kwamba ulinzi umewaka.

Faiawoli ya Windows yenyewe haina grafu. Huweza kuandika kumbukumbu katika faili iitwayo pfirewall.log, lakini uandishi huo huwa umezimwa hadi mtumiaji auwashe.

Wakazi wajihadhari na watu wanaopiga simu wakidai wameona hitilafu kwenye kompyuta na kuomba kuiingia kutoka mbali ili kuirekebisha. Kuingia katika kompyuta ya mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018.

Anayeshuku kwamba kompyuta yake imedukuliwa aitenganishe na intaneti na kuripoti kwa kituo cha kitaifa cha KE-CIRT, kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Biashara inayohifadhi taarifa za wateja ikigundua kwamba zimefikiwa na watu wasioidhinishwa, na wateja wamo hatarini kudhurika, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaitaka imjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72.