Njia ya Kwenda Giningi: Kuundwa na Kuenezwa kwa Riwaya ya Ajabu Katika Unguja

1. Utangulizi

Mtu atokaye Mji Mkongwe wa Zanzibar kwa upande wa Darajani huingia Mlandege baada ya hatua chache, na hapo huwa tayari yuko Ng'ambo. Jina hilo lilitokana na mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na mitaa ya mashariki yake. Mkono huo ulifukiwa katika karne ya 20. Maji hayapo tena, lakini jina limebaki, na wenyeji bado husema "Ng'ambo" pasipo na cha kuvuka isipokuwa barabara. Katika simulizi za watu hao hao ipo ng'ambo nyingine isiyofikika kwa miguu, nayo ni Giningi.

Giningi, kwa mujibu wa imani na simulizi za Unguja na Pemba, ni mji wa wachawi. Haumo katika ramani yoyote. Aghalabu husimuliwa kuwa uko Pemba, na wako wasemao kuwa uko chini ya ardhi. Mhadhara huu unaeleza jinsi mji huo ulivyoingia katika bunilizi andishi ya Kiswahili, na jinsi vitabu vilivyouchukua vilivyowafikia wasomaji. Hoja yake kuu ni kwamba mambo mawili ambayo kwa kawaida hutazamwa mbalimbali, yaani kuundwa kwa riwaya ya ajabu na kuenezwa kwake, hayatengani: njia inayokifikisha kitabu kwa msomaji ndiyo pia inayoamua namna ajabu yake itakavyosomwa.

2. Ajabu katika lugha

Wahakiki wametumia istilahi kadhaa kuitaja aina hii ya utunzi: fantasia, riwaya ya kimajaribio, uhalisiamazingaombwe. Kila moja ina kazi yake, lakini hapa limechaguliwa neno la kale zaidi, "ajabu", kwa sababu ndilo ambalo masimulizi yenyewe hujiita. Na masimulizi hayo yana umri. Edward Steere alipochapisha London mwaka 1870 mkusanyo wa ngano alizosimuliwa Unguja, humo mlikuwamo paa aliyemtajirisha bwana wake katika kisa cha Sultan Darai, nunda mla watu katika kisa cha Sultan Majnun, na mfalme wa nyoka katika kisa cha Hasibu Karimuddini. Ajabu, basi, haikuletwa na riwaya. Riwaya iliikuta barazani.

Swali la kiisimu ni hili: msimulizi humfikishaje msikilizaji mahali pasipokuwapo? Kiswahili humpa milango mitatu, ambayo ni viambishi vya mahali pa-, ku- na m-. Akisema "Giningi pana watu", mahali huwa mahususi, kana kwamba paweza kuonyeshwa kwa kidole. Akisema "Giningi kuna watu", mipaka hulegea. Akisema "Giningi mna watu", msikilizaji huhisi kuwa kumezungukwa, na kwamba anayeingia huenda asitoke. Ngano nyingi hufunguliwa kwa "hapo kale palikuwa na", yaani kwa pa- ya uhakika: wakati hauna tarehe, ila mahali pana uthabiti. Uthabiti huo ndio unaoifanya ajabu isadikike.

Upo pia mlango wa kutokea, nao ni neno dogo "ati". Mtu anayesimulia habari za Giningi mtaani husema, "Ati walimchukua usiku," au "Yasemekana huko watu hula watu." Kwa "ati", msemaji huiwasilisha habari bila ya kuibeba dhamana yake. Hana haja ya kuamini wala kukanusha. Mtunzi wa riwaya hana nafuu hiyo. Siku anapoandika "alifika Giningi" bila ya "ati", amekwisha kuibeba dhamana yote, na hapo ndipo fantasia andishi inapoanza. Kila mwandishi aliyeshughulika na Giningi amelazimika kuamua lifanywe nini neno hilo.

3. Kisima: ajabu inayofumbuliwa

Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918, na kufariki mwaka 1991. Hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda mashindano ya uandishi ya miaka ya 1957 na 1958 yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau, ikachapishwa mwaka 1960. Mwaka 1968 kampuni ya Evans Brothers ya London ilichapisha kitabu chake cha pili cha Bwana Msa, Kisima cha Giningi.

Majina ya vitabu hivyo viwili humwita msomaji kwa mzimu na kwa mji wa wachawi. Hata hivyo, Bwana Msa, mpelelezi mvuta kiko, hutatua mambo kwa kufikiri. Wengine humwona shetani. Yeye hutafuta mtu. Katika riwaya zake "ati" haifutwi: huachwa midomoni mwa wahusika wengine, na kazi ya mpelelezi ni kuonyesha kuwa nyuma ya kila "ati" kuna mwenye tamaa na sababu.

Inafaa kuzingatia kitabu cha kwanza kilivyoenezwa. Bureau hiyo ilianzishwa mwaka 1948 kwa shabaha ya kuwapatia watu wa Afrika ya Mashariki vitabu vya kuwaelimisha. Haitakuwa haki kusema kuwa mwandishi aliifumbua ajabu ili awaridhishe waamuzi. Akili ya kudadisi ilikuwa yake mwenyewe, na imeendelea katika mfululizo wote hadi Kosa la Bwana Msa la mwaka 1984. Lakini njia na tabia ya kitabu zilikutana. Hadithi inayoanza na mzimu na kumalizika kwa hoja ilikuwa hadithi iliyoweza kupita katika mlango ule.

4. Kivuli: ajabu inayofasiriwa

Said Ahmed Mohamed, aliyezaliwa Unguja mwaka 1947, aliliondoa neno "ati" kabisa. Katika tamthilia yake Kivuli Kinaishi, iliyochapishwa Nairobi na Oxford University Press mwaka 1990, Giningi ni nchi yenye mtawala, Bi Kirembwe, na raia ambao fahamu zao zimetekwa. Haisimuliwi tena kuwa yasemekana ipo. Imewekwa jukwaani mbele ya macho. Katika riwaya yake Babu Alipofufuka, iliyotolewa Nairobi na Jomo Kenyatta Foundation mwaka 2001, aliendelea na njia hiyo hiyo: babu aliyekufa anamrudia mjukuu wake, K, na kumlazimisha ayatazame maisha aliyoyajenga kwa kuwasahau wengine.

Mwandishi huyu hakuificha kazi ya mikono yake. Mwaka 1995 alitoa Kunga za Nathari ya Kiswahili, kitabu kinachoeleza misingi ya riwaya, tamthilia na hadithi fupi. Uteuzi wa neno "kunga" una maana. Kunga ni mafunzo ya siri ambayo mwari hupewa na somo wake. Yakichapishwa, huwa si siri tena. Kwa kitendo hicho mtunzi alikubali kuwa utungaji hufundishika, na kwamba msomaji anayejua jinsi jambo lilivyotengenezwa hapungukiwi na raha yake.

Kivuli Kinaishi kiliingia katika orodha ya vitabu vya fasihi vya kidato cha tano na cha sita Tanzania. Hapana njia ya kueneza kitabu cha Kiswahili iliyo pana kuliko hiyo, kwani kila mwaka huleta wasomaji wapya ambao hawakuhitaji kushawishiwa. Lakini njia hiyo ina ushuru wake. Mtihani huuliza dhamira, ujumbe na taswira. Mwanafunzi hujifunza upesi kuwa Giningi ni nchi fulani, Bi Kirembwe ni mtawala fulani, na kwamba akishautaja utawala huo amemaliza kusoma. Tafsiri hiyo si kosa; tamthilia yenyewe inaialika. Kosa ni kudhani kuwa imekwisha hapo, kwani mwanafunzi aliyeifasiri Giningi kabla ya kuiogopa hajafika Giningi.

5. Siri: ajabu inayohifadhiwa

Haji Gora Haji alizaliwa katika kisiwa cha Tumbatu mwaka 1933 na kufariki mwaka 2021. Alikuwa mvuvi na baharia kabla ya kujulikana kwa tungo zake, na diwani yake Kimbunga, iliyotoka mwaka 1994, ilisomwa sana shuleni. Riwaya yake Siri ya Ging'ingi ilichapishwa mwaka 2009 na taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Kwa mwanaisimu, jambo la kwanza la kutazama ni tahajia. Waandishi wawili waliotangulia waliandika "Giningi", kwa n ya ufizi. Haji Gora aliandika "Ging'ingi", kwa ng' ya kaakaa laini, sauti ile ile iliyomo katika "Ng'ambo". Tofauti hiyo haifai kusahihishwa. Inathibitisha kuwa jina lilikuwa la ulimi kabla ya kuwa la kalamu, na kwamba kila mwandishi aliliandika kama alivyolisikia. Kitabu hiki, tofauti na vilivyotangulia, kilipita katika mlango wa taasisi ya utafiti, ambako mtunzi wa aina yake huthaminiwa pia kama hazina ya simulizi. Hiyo ni heshima kubwa, lakini nayo ina hatari yake: riwaya huweza kusomwa kama ushahidi wa imani za watu, na kusahauliwa kuwa ni kazi ya mtu mmoja aliyechagua nini akiseme na nini akifiche.

6. Jina na soko

Katika maduka ya Mlandege na Darajani huuzwa kanga. Mnunuzi hutazama rangi, kisha husoma jina. Kanga nzuri yenye jina lisilofaa huachwa, na yenye jina kali husemwa nyumba kwa nyumba hata kabla ya kuonekana. Watunzi wa Giningi walilielewa jambo hili. Mzimu, Kisima, Kivuli, Siri: majina yote manne hutaja kitu kilichofichika, na humwachia msikilizaji swali la kwenda nalo.

Hata hivyo, jina hulitangulia soko, wala haliwi badala yake. Vitabu vilivyotajwa hapa viliundwa na watu wa Unguja kwa mali ya Unguja na Pemba, lakini vilichapishwa Nairobi, London au Dar es Salaam, kisha vikarudi visiwani kama bidhaa iletwayo kwa jahazi. Kisichokuwamo katika mtaala aghalabu hakipigwi chapa tena. Mashindano yamerudi kuwa mlango: Tuzo ya Mabati-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014, imewatambua Wazanzibari kama Ali Hilal Ali kwa Mmeza Fupa na Zainab Alwi Baharoon kwa Mungu Hakopeshwa, na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023. Milango hiyo inafaa kushukuriwa. Lakini tuzo humteua mwandishi; haimzalishi msomaji.

7. Hitimisho

Imeonyeshwa kuwa mji mmoja wa simulizi umepita katika milango mitatu, na kila mlango umeudai jambo lake: mashindano yaliupokea ukiwa umefumbuliwa, shule iliupokea ukiwa umefasiriwa, na taasisi iliupokea ukiwa umehifadhiwa. Kinachokosekana ni mlango wa nne, ambao baraza ilikuwa nao tangu zamani: kuisikiliza ajabu kwa ajili ya ajabu yenyewe, na kuiachia hofu na raha zifanye kazi kabla ya maana kuulizwa.

Mlango huo haungoji fedha. Unaweza kuanza darasani. Mwalimu anayefundisha Kivuli Kinaishi kwa kawaida huuliza, "Giningi ni nchi gani?" Swali hilo lisiondolewe, ila litanguliwe na jingine: "Mtu hufikaje Giningi, na lugha gani humfikisha?" Mwanafunzi atakayelijibu itambidi arudi kwenye maneno yenyewe, azitazame pa-, ku- na m-, na atafute ni wapi mtunzi alipoacha kusema "ati". Huyo atakuwa amesoma. Na huenda, akifika nyumbani, akamsimulia mwingine, ambayo ndiyo njia ya kwanza Giningi iliyoenezwa kwayo.