Ujue Kimo cha Gari Lako

Mhariri ameniomba niwaandikie wenzangu juu ya kazi yangu. Nilisoma katika shule hii, na sasa ninafanya kazi Uingereza katika gereji inayokodisha magari ya nyumba. Gari la nyumba ni gari lililojengwa kama chumba: ndani mna vitanda, jiko, meza na choo, na watu husafiri nalo wakati wa likizo. Katika mambo yote ninayowaeleza wateja kabla ya kuwapa ufunguo, moja hunipa taabu kuliko yote, nalo ni kimo cha gari.

Watu hudhani kwamba dereva hugonga daraja kwa sababu hakuona kibao. Mara nyingi kibao amekiona. Asilolijua ni kimo cha gari lake mwenyewe. Kibao chasema futi 10, naye hajui kama gari lake ni futi 9 au 11. Basi hukisia kwa macho, na macho humdanganya. Amezoea motokaa ndogo, ambayo kwa kawaida haifiki futi 6. Ubavu wa gari auona katika vioo vya pembeni, lakini paa halina kioo cha kulitazamia.

Tena iko hesabu ambayo kila mwanafunzi angeweza kuifanya. Tuseme kitabu cha gari chasema kimo ni meta 2.90. Mwenye gari akaweka mashine ya kupoza hewa juu ya paa, yenye kimo cha sentimeta 25. Sasa gari ni meta 3.15. Daraja la futi 10 ni meta 3.05 tu. Kitabu hakikusema uongo, ila kilipigwa chapa kabla mashine haijawekwa. Dishi la televisheni na sanduku la mizigo huleta hatari ile ile. Na mtu aliyezoea meta, akikutana na kibao cha futi na inchi, hana nafasi ya kufanya hesabu huku magari yanamfuata nyuma.

Mfano mashuhuri uko Marekani, katika mji wa Durham, jimbo la North Carolina. Hapo reli yapita juu ya barabara, na daraja lake lilikuwa na kimo cha futi 11 na inchi 8. Mwaka 2008 Jürgen Henn, aliyekuwa akifanya kazi jirani, alianza kulipiga picha za sinema, na watu wa nchi nyingi wakaona jinsi mapaa ya malori yalivyobanduliwa. Mbele ya daraja paliwekwa boriti la chuma ili kulilinda. Kwa hiyo reli hupona, na gari ndilo linaloumia. Mwaka 2016 pakawekwa taa inayogeuka nyekundu gari refu mno linapokaribia, pamoja na maandishi ya kumwamuru dereva apinde kona. Hata hivyo yaliendelea kugonga. Barabara haikuweza kuchimbwa ishuke, kwa kuwa chini yake mna bomba kubwa la maji machafu. Mwaka 2019 daraja likainuliwa kwa inchi 8, likawa futi 12 na inchi 4. Hata baada ya hapo magari mengine yaligonga. Hapo twajifunza kwamba taa na vibao havimfai mtu asiyejua kipimo chake.

Bwana mmoja alikodi gari kwetu aende pwani na mkewe na watoto wawili. Alirudi kwa gari la kukokota. Daraja lilikuwa limekata sehemu ya juu ya kiti cha dereva, pale penye kitanda cha watoto. Kwa bahati njema watoto walikuwa wameketi nyuma, wamefunga mikanda. Alipokiona kile kitanda mchana, bwana yule alikaa chini uani asiseme neno.

Basi, yafaa kufanya nini? Weka gari mahali palipo sawa. Laza ubao mnyoofu juu ya kitu kilichoinuka kuliko vyote paani, uusawazishe kwa pimamaji, kisha pima kutoka ubao hadi chini. Ongeza inchi chache, maana gari hurukaruka. Andika jibu kwa meta na kwa futi, ulibandike mbele ya macho ya dereva. Huku Uingereza sheria yalazimisha jambo hilo kwa gari linalozidi meta 3. Usiitegemee simu ya kuonyesha njia, kwani nyingi hudhani unaendesha motokaa ndogo. Na daraja la upinde lina nafasi kubwa katikati tu, pembeni hupungua.

Ukiwa na shaka, simama. Washa taa za hatari, mwombe mtu akuongoze urudi nyuma. Hakuna aibu katika kurudi nyuma.

Na ikiwa gari limekwisha gonga, usiondoke kimya kimya. Huenda reli imesogea, na gari moshi lenye abiria linakuja. Madaraja ya reli ya Uingereza yana bamba lenye namba ya daraja na namba ya simu. Piga simu hiyo mara moja, kabla ya kuanza kuhesabu hasara ya gari. Paa laweza kuundwa tena na fundi. Watu walio juu ya reli hawana habari ya yaliyotokea chini yao, na wewe peke yako ndiwe uwezaye kuwaokoa.